Baridi ya Mlimani Haiui Malaria, Huichelewesha Tu

Kila ugawaji wa neti unapokaribia, tunasikia malalamiko yale yale kutoka Kericho, Nandi na Kisii: neti ni za watu wa Kisumu kando ya ziwa, huku kwetu mlimani kuna baridi, mbu hawana nguvu. Nguvu za mbu si hoja, wananchi. Hoja ni siku.

Mbu jike aliyenyonya damu ya mgonjwa hawezi kuambukiza kesho yake. Kimelea cha malaria hupenya ukuta wa tumbo lake, hujenga kifuko hapo, na kifuko kikipasuka hutoa vimelea wachanga wanaohamia kwenye tezi za mate. Mbu hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo kasi ya kazi hii hufuata joto la mahali alipotulia. Kwa falsiparamu, kimelea hatari kuliko vyote, nyuzi 25 huhitaji takriban siku 12. Nyuzi 20, siku 28. Nyuzi 18, siku 55. Chini ya 16, kazi husimama. Nao mbu wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi.

Hiyo ndiyo kinga mliyorithi, na ni nyembamba mno. Nyuzi mbili tu zimekata siku 55 kuwa 28! Mvua za Machi hadi Mei zikiandamana na joto, unyevu nao humwongezea mbu maisha, na mlipuko huwakuta watu ambao miili yao haijazoea malaria. Watu wazima hulazwa sawa na watoto.

Tena mbu hakai nje mnakopimia baridi. Akishashiba hutua ukutani, ndani ya nyumba yenye moto wa kuni, watu na pengine ndama. Bondeni nako, mafunjo yakifyekwa ili kulima, maji hubaki wazi juani na viluwiluwi hukua upesi.

Kuhusu neti: kila kaya huandikishwa, neti moja kwa watu wawili. Ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Ifuliwe kwa sabuni ya kipande, bila jiki, ikaushwe kivulini. Kuzungushia sukuma wiki si matumizi ya neti, na tumechoka kulirudia hili.

Kuhusu madimbwi: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero. Afisa wa afya hutoa notisi ya maandishi yenye muda wa kuyaondoa. Anayeipuuza hufikishwa mbele ya hakimu, anaweza kutozwa faini, na kazi ikifanywa na serikali gharama humrudia yeye. Shimo la matofali lililoachwa wazi limo pia, hata kama matofali yaliuzwa zamani.

Mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, hata kama hajawahi kushuka ziwani.