"Nitafutie mtu asiyemjua baba"

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Marangu alipanda ngazi hadi kwenye chumba ninachoandikia maisha ya watu, hapa Moshi jirani na Soko la Mbuyuni. Akaweka mezani bahasha ya kaki: vyeti vya baba yake, mwalimu mstaafu, barua ya kustaafu na picha 2 za kipaimara. "Kaka, nitafutie mwandishi asiyemjua baba. Wanafunzi wake watamsifia tu." Ni mteja wa 4 mwaka huu kuniambia hivyo, na nimechoka.

Dhana: aliye ndani ya kundi hawezi kuandika maisha ya mwalimu wake

Mwanafalsafa Porphyry alizaliwa Tiro, Lebanoni ya leo, yapata mwaka 234. Mwaka 263 akafika Roma na kuingia darasani kwa Plotinus, aliyeyapa uhai mpya mawazo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Akawa mwanafunzi, kisha mhariri wa maandishi ya mwalimu, na akiwa katika mwaka wake wa 68 akaandika maisha ya mwalimu huyo. Nani alikuwa ndani kuliko huyo?

Sasa tazama alichoandika. Mwalimu alikuwa na mwandiko mbaya, hakujali tahajia, na kwa ubovu wa macho hakurudia kusoma alichokwisha kuandika. Mwishoni sauti ikamkauka, vidonda vikamtoka mikononi na miguuni, na marafiki wakaanza kumkwepa kwa kuwa alizoea kuwasalimu kwa busu. Hizo ndizo sifa? Na mtu wa nje angezipatia wapi?

Yeye mwenyewe hakujificha. Anasimulia kwamba aliwahi kufikiria kujiua; Plotinus akamtokea nyumbani bila taarifa, akamwambia hayo yanatokana na maradhi, si na akili iliyotulia, akamhimiza asafiri. Akaenda Sicily. Kwa hiyo mwalimu alipofariki mwaka 270 hakuwapo, na anakiri hivyo: ya kitandani alisimuliwa na Eustochius, tabibu. Hata maandishi 54 ya mwalimu anayagawa kwa kujipima: 21 yalikwisha kuandikwa kabla hajafika, 24 akiwapo, 9 alipokwisha kuondoka. Halafu, bila haya, anasema yale 24 ndiyo yenye nguvu kuliko yote! Majivuno hayo nayapenda, maana yako mezani na msomaji anayakata apendavyo. Mgeni naye ana upendeleo wake, ila wa kwake hutauona.

Nikamwambia yule mama atafute mwanafunzi wa baba, na kila kisa kiandikwe pembeni: *nilikuwepo*, au *niliambiwa na fulani*. Wateja wote nawaambia hivyo. Wanaonisikia wanahesabika.

Dhana: lazima uanze na kuzaliwa

Hiyo ni historia ya marehemu, ile inayosomwa msibani. Plotinus hakutaka kutaja wazazi wake wala alikozaliwa. Porphyry akaanzia hapo hapo: mtu aliyeonekana kuona aibu kuwa na mwili.

Dhana: picha na vyeti vinatosha

Plotinus alikataa kuchorwa. Amelius, mwanafunzi wake, akamleta mchoraji Carterius akae darasani amtazame, kisha akachore kwa kumbukumbu. Kukaa darasani kwanza, brashi baadaye.

Dhana: mwandishi wa maisha ni karani

Siku 3 mfululizo Porphyry alimbana mwalimu: nafsi inakaaje na mwili? Msikilizaji mmoja, Thaumasius, akalalamika kwamba yeye anataka hotuba, si maswali ya mtu mmoja. Plotinus akamjibu kwamba maswali ya Porphyry yasipotatuliwa, hakutakuwa na cha kuandika. Karani habani mtu siku 3.

Jana yule mama amepiga simu. Amempata mwanafunzi, fundi cherehani wa Himo, lakini ana wasiwasi: jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba mzee hakujua kabisa kuimba na bado kila asubuhi aliwaanzishia wimbo wa mstarini. Nikamwambia, dada, aanzie hapo.