Je, wajua kwa nini sarafu mbili za dhahabu zenye uzito sawa huuzwa bei tofauti?

Aliyewahi kubadilisha dola Lubumbashi anaijua dakika ile. Mbadilisha fedha ameketi kando ya barabara, mafungu ya faranga yamefungwa kwa mpira mbele yake. Unampa noti ya mia. Anaiinua kwenye mwanga, anaipitisha kidole ukingoni, kisha anakurudishia: "Yaya, hii haitembei. Imepasuka." Unautafuta mpasuko wenyewe, haufiki punje ya mchele. Basi ama noti inarudi mfukoni, ama unakubali kukatwa dola kadhaa.

Mtu huyo amepima daraja, yaani kiwango cha ubora wa hali ya noti. Noti ni halali, thamani iliyoandikwa ni ileile, lakini hali yake imebadilisha bei. Wakusanyaji wa sarafu za dhahabu hufanya jambo hilohilo, ila wao wamelitungia alama, wakaliundia kampuni, na hulilipia.

Swali la kwanza la mtu wa kawaida ni la haki kabisa: dhahabu si dhahabu tu? Kwa sonara, ndiyo. Yeye hutazama gramu na karati, na sarafu ikishaingia kwenye moto mikwaruzo yake yote imekwisha. Mkusanyaji ananunua kitu kingine. Anataka sarafu ya mwaka fulani, iliyopigwa mahali fulani, na anaitaka ikiwa karibu na ilivyokuwa siku ilipotoka kwenye mashine. Mfano wa kupita kiasi ni sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933. Mwaka 2021 iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 18.9, wakati dhahabu iliyomo isingefika dola 2,000 kwa bei ya siku hizo. Hapo uhaba ndio uliopandisha bei, maana karibu zote za mwaka huo ziliyeyushwa. Lakini zikiwekwa mezani mbili zenye uhaba uleule, hali ndiyo inayoamua.

Na hali ni neno la ugomvi. Muuzaji anasema "mpya kabisa", mnunuzi anasema "imechoka", na kila mmoja ana macho yake. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alijaribu kuutia ugomvi huo kwenye hesabu. Alikuwa akishughulika na senti kubwa za shaba za zamani za nchi yake. Aliona kwamba senti iliyolika hadi kukaribia kutotambulika ilikuwa ikiuzwa kama dola 1, na ile bora kuliko zote dola 70. Kwa hiyo akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Bei hizo zilipitwa na wakati upesi, lakini kipimo kimebaki, na leo kinatumika hata kwa sarafu za dhahabu ambazo yeye hakuwa akizifikiria. (Kitu kimoja cha kuchekesha, au cha kusikitisha: baadaye ilikuja kugundulika kwamba Sheldon huyohuyo alikuwa akichukua senti nzuri kwenye hazina ya American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu, na kuacha zake mbovu mahali pake. Jicho la kupima alikuwa nalo kweli.)

Kipimo peke yake hakikumaliza ugomvi, kwa sababu muuzaji ndiye aliyeendelea kujipimia. Dawa ilikuwa kumpa kazi mtu wa tatu asiyenunua wala kuuza sarafu ile. Kampuni ya PCGS ilianza mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zote za Marekani, na hizo ndizo zinazotajwa zaidi hadi leo.

Sarafu ikifika huko, kwanza huulizwa kama ni ya kweli: inapimwa uzito, upana na madini. Kisha wapimaji zaidi ya mmoja huitazama, kila mtu peke yake, bila kujua mwenyewe ni nani. Wanatafuta kulika kwenye sehemu zilizoinuka, kama shavu, nywele au kifua cha tai, maana hizo ndizo zinazogusa vidole na mifuko kwanza. Ikiwa hakuna dalili kwamba imetembea mikononi mwa watu, inaingia 60 na kuendelea. Kutoka hapo wanahesabu alama ndogo zilizopatikana sarafu zilipogongana ndani ya gunia, na kupima mng'ao. Ya 70 haina kasoro hata ikikuzwa mara tano. Mwisho inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye daraja na nambari yake.

Kipimo hiki kina mambo yake ya ajabu. Sarafu ya 58, iliyotembea kidogo tu, mara nyingi inapendeza machoni kuliko ya 60 ambayo haikutembea lakini imejaa makovu ya gunia.

Mng'ao unahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoharibu mali yao kwa mikono yao. Mashine inapoipiga sarafu, madini hukimbia kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa jicho. Ukiinamisha sarafu chini ya taa, mistari hiyo hufanya mwanga uzunguke kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Ukiisugua, mistari inakwisha, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sisi tumelelewa kusugua: sufuria kwa majivu, shaba kwa ndimu na chumvi, mpaka mtu ajione uso. Sarafu iliyosuguliwa hivyo itang'aa, lakini kwa mng'ao bapa usiozunguka, na mpimaji huijua mara moja. Ataandika kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na namba ya daraja hataitoa. Ile iliyochomelewa kipete ili ivaliwe kwenye mkufu hupata jibu la aina hiyohiyo. Hata madoa mekundu, ambayo hutokana na shaba iliyochanganywa na dhahabu ili kuipa ugumu, ni afadhali yaachwe.

Mambo haya yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1961, wakati mji huu wa Lubumbashi ukiitwa Élisabethville na jimbo la Katanga chini ya Moïse Tshombe likijiita nchi huru, zilitolewa sarafu za faranga 1 na faranga 5 zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba wa Katanga upande wa pili. Zile tulizozoea kuziona ni za shaba nyeusi. Lakini faranga 5 ilipigwa pia kwa dhahabu, sarafu 20,000, kila moja gramu 13.33 za dhahabu ya sehemu 900 kwa 1,000. Yaani gramu 12 safi.

Fikiria mjane huko mtaa wa Kamalondo anayeikuta moja kwenye kijaluba cha marehemu. Mambo matatu yanampasa, kwa utaratibu huu. Asiisafishe. Aipeleke kwenye mizani ya sonara, naye akiwa amesimama pale pale: ile ya shaba ina upana uleule wa milimita 26 lakini uzito wake ni gramu 6.5 tu, kwa hiyo faranga ya kawaida iliyopakwa rangi ya dhahabu itajitaja yenyewe. Na asiiuze siku hiyo, kwa sababu bei ya gramu 12 ndiyo sakafu, na sonara hana sababu ya kumwambia kwamba kuna ghorofa juu yake.

Je, aitume kupimwa? Hapa mimi si mkarimu sana kwa hizo kampuni. Ada, bima, karatasi za forodha na safari ya kwenda na kurudi hugharimu fedha ya kweli. Krugerrand ya kawaida, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, au faranga 20 za dhahabu za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, zilizochoka, bei yake inafuata dhahabu, na kuitia kwenye kasha ni kumlisha mbuzi aliyeshiba. Faranga 5 ya Katanga isiyo na kovu ni habari nyingine, hasa ikiwa mnunuzi yuko Brussels na hajawahi kukuona. Yeye ataamini namba kabla ya kukuamini wewe.

Lakini kasha nalo hughushiwa. Anayeletewa sarafu iliyokwisha kupimwa aingize nambari yake kwenye tovuti ya kampuni. Mara nyingi kuna picha. Atafute doa moja dogo au mkwaruzo mmoja, kisha aangalie kama uko mahali palepale kwenye sarafu aliyoishika, akiiinua kwenye mwanga kama yule wa kando ya barabara.