Mwalimu ni mgeni, somo ni la wenyeji

Nafundisha Kiebrania cha Biblia na historia ya ufafanuzi wa maandiko. Wanafunzi wangu, wengi wao wachungaji na makatekista, wana swali wanalolirudia karibu kila muhula: je, Wayahudi nao wana wainjilisti wa kuzunguka? Nikijibu kwamba walimu wa kuzunguka wapo, tena tangu kale, naona nyuso zinaridhika. Tayari wameshajichorea picha ya mkutano wa hadhara, vipaza sauti na wito wa kuokoka. Hapo inabidi niwarudishe nyuma. Mwalimu wa Torati anayesafiri hawaendei watu wa dini nyingine ili awavute. Huwaendea Wayahudi wenzake, na akifika hukuta kitabu kipo, somo la wiki limeshapangwa, na huenda mzee mmoja wa pale amelisoma miaka mingi kuliko umri wake yeye mgeni.

Usipoelewa hilo, historia yote ya walimu hawa itakupita kando.

Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa katika sehemu 54. Kila Sabato ina sehemu yake, majuma mengine huunganisha mbili, na mwaka ukiisha, katika sikukuu ya Simchat Torah, husomwa mwisho wa Kumbukumbu la Torati na hapo hapo mwanzo wa Mwanzo. Utaratibu huu ni wa Wayahudi wa Babeli. Wale wa nchi ya Israeli zamani walichukua takriban miaka mitatu kumaliza mzunguko mmoja. Leo sinagogi ya Nairobi na ya Buenos Aires zinasoma sehemu ile ile Jumamosi ile ile. (Kuna majuma ambayo Israeli hutangulia kidogo, kwa kuwa baadhi ya sikukuu huko ni fupi kwa siku moja. Baadaye wote hukutana tena.)

Si Jumamosi tu. Jumatatu na Alhamisi asubuhi pia Torati husomwa, kwa kifupi, na Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, inasema ni Ezra aliyeagiza hivyo. Sababu inayotolewa hapo naipenda mno. Katika Kutoka 15 Waisraeli walitembea siku tatu jangwani bila kupata maji. Maji hayo, wakasema wafafanuzi, ni Torati, basi watu wasikae siku tatu bila kuisikia. Ipo pia sababu ya kawaida zaidi. Siku hizo mbili ndizo mahakama zilipoketi mjini, na watu wa vijijini waliingia mjini kwa shughuli zao. Aliyekuja kudai haki yake aliondoka pia na mistari kadhaa masikioni.

Gombo lenyewe halina irabu wala alama za mahadhi. Anayesoma mbele ya watu lazima awe amejifunza irabu na mahadhi yake mapema, na kosa la matamshi likibadili maana, waliokaa humrekebisha palepale kwa sauti. Kwa hiyo mji wenye gombo, msomaji aliyeandaliwa na akidi ya watu wazima kumi una ibada kamili. (Kwa Waorthodoksi ni wanaume kumi; katika madhehebu mengine wanawake nao huhesabiwa.) Rabi si sharti. Ndiyo maana mwalimu aliweza kuja na kuondoka bila mji kusimama.

Mfano wa zamani kabisa wa ziara iliyopangwa uko katika 2 Nyakati 17. Mfalme Yehoshafati, mwaka wa tatu wa enzi yake, aliwatuma maakida watano, Walawi tisa na makuhani wawili wapite miji ya Yuda wakifundisha, wakiwa na kitabu cha Torati. Mistari mitatu tu, kisha habari inahamia kwenye kodi na majeshi.

Ukitaka kuona kazi hii ilivyokuwa, nenda kwenye Talmudi ya Yerusalemu. Inasimulia jinsi Rabi Yehuda Nesia alivyowatuma wanazuoni watatu, Hiyya, Asi na Ami, wazunguke miji ya nchi ya Israeli kuweka walimu wa Maandiko na wa Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za mapokeo ya marabi. Katika mji mmoja hawakukuta mwalimu hata mmoja. Wakasema, tuleteeni walinzi wa mji. Wakaletewa askari wa zamu. Wanazuoni wakasema hawa si walinzi, ni wabomoaji wa mji. Na walipoulizwa walinzi ni akina nani, wakajibu: walimu. Natumaini askari wale hawakuwa na silaha mkononi. Angalia kazi waliyotumwa: kuweka mwalimu atakayebaki, halafu waendelee na safari.

Kisa cha pili ndicho ninachokirudia zaidi darasani. Watu wa Simonia, mji mdogo wa Galilaya, walimwomba Rabi Yehuda ha-Nasi, mhariri wa Mishna, awape mtu mmoja wa kuwahubiria, kuwaamulia kesi, kuwahudumia sinagogi, kuwafundisha Maandiko na Mishna, na kuwatimizia haja zao zote. Mtu mmoja! Aliyewahi kutumikia mtaa mdogo wa kanisa kijijini anaijua orodha hiyo. Wakapewa Levi bar Sisi. Wakamjengea jukwaa kubwa, wakamketisha juu, wakaanza kuuliza.

Swali la kwanza lilihusu Kumbukumbu 25, pale mjane anapomvua kiatu shemeji yake aliyekataa kumwoa: je, mwanamke asiye na mikono atakivuaje? Jingine lilitoka Danieli 10, malaika anapotaja yaliyoandikwa katika maandiko ya kweli: kwani yapo maandiko ya mbinguni yasiyo ya kweli? Levi alinyamaza. Hakuwa na jibu. Watu wakarudi kwa Rabi kulalamika: huyu ndiye uliyetupa? Rabi akaapa kwamba amewapa mtu kama yeye mwenyewe. Akamwita Levi, akamuuliza maswali yale yale, naye akayajibu. Kwa nini basi hukuwajibu wao? Levi akasema: walinijengea jukwaa kubwa, wakaniketisha juu yake, moyo wangu ukavimba, na maneno ya Torati yakanitoka.

Wahubiri wengi husimulia kisa hiki kama onyo dhidi ya kiburi, na ni haki yao. Mimi huyatazama maswali. Hayakutoka kwa watu wasiojua kitu. Mtu aliyeuliza habari ya mikono aliijua sheria kiasi cha kuona pengo lake. (Talmudi ya Babeli ina jibu fupi: andiko linasema atavua kiatu, halikusema kwa mkono.) Simonia haikuwa na haja ya kusimuliwa Torati inasema nini. Ilitaka mtu wa kubishana naye.

Karne nyingi baadaye, katika Poland na Lithuania, kazi hii ilikuwa na jina lake: magidi. Baadhi waliajiriwa na mji; wengine walitembea kutoka mji hadi mji, wakihubiri Sabato alasiri. Aliyevuma kuliko wote ni Jacob Kranz, aliyeitwa Magidi wa Dubno, aliyefariki Zamość mwaka 1804. Silaha yake ilikuwa mithali. Husimuliwa kwamba aliulizwa anapataje mithali inayolenga sawasawa kila andiko, akajibu kwa mithali nyingine: kijana mmoja alikuwa na kuta zilizojaa mishale, kila mmoja katikati ya duara, kwa kuwa alipiga mshale kwanza kisha akachora duara kuuzunguka. Mzaha wake una mpaka lakini. Magidi aliweza kulichora duara lake popote, ila ukuta alipewa: sehemu ya juma hilo, ambayo wasikilizaji walikuwa wameisikia asubuhi ile ile.

Na malipo? Hapa pana utata. Talmudi inafundisha kwamba Musa alifundisha bure, kwa hiyo na wewe ufundishe bure. Wanasheria walipata njia: mwalimu analipwa kwa muda aliopoteza bila kufanya kazi nyingine, au kwa ulezi wa watoto, na siyo kwa Torati yenyewe. Kwa magidi asiyeajiriwa palikuwa na tatizo la ziada. Sabato pesa hazishikwi, kwa hiyo mchango ulisubiri jioni au kesho yake, wakati hamasa imeshapoa. Sidhani walitajirika.

Leo mwalimu mgeni huja kwa gari au ndege, lakini Sabato bado ndiyo inayompangia kazi. Katika jamii zinazoishika kikamilifu lazima afike Ijumaa kabla ya jua kuzama, na alale nyumba ambayo kutoka hapo sinagogi inafikika kwa miguu. Mishna, katika sehemu iitwayo Avot, iliwaagiza wenyeji mapema: nyumba yako iwe mahali pa kukutania wenye hekima, ujigaagaze katika mavumbi ya miguu yao. Darsa moja hutolewa baada ya chakula cha Ijumaa usiku, lingine asubuhi, jingine kwenye mlo wa tatu jioni.

Kinachowashangaza wanafunzi wangu ni vitu visivyokuwapo. Hakuna kipaza sauti, hakuna projekta, hakuna anayeandika, kwa maana kuandika na kuwasha umeme ni kazi zilizokatazwa Sabato. Mwalimu hutoa nakala za karatasi zilizochapishwa mapema: aya ya Torati, chini yake Rashi wa Troyes (1040–1105), kisha mfafanuzi mwingine anayempinga Rashi, pengine na kipande cha Talmudi. Watu hugawanyika wawili wawili, wanasoma kwa sauti na kubishana; chumba kinakuwa na kelele za soko. Mwalimu huzunguka kati yao. Akizungumza muda mrefu mno bila kukatizwa, darsa limeharibika, na mimi ningempa alama ndogo.

Zipo pia safari za kazi tofauti. Wafuasi wa Chabad, kundi la Wayahudi Waorthodoksi lenye makao makuu Brooklyn, tangu miaka ya 1940 hutuma vijana wa vyuo vyao wawili wawili wakati wa kiangazi kwenye miji yenye Wayahudi wachache. Kusini mwa Afrika, Rabi Moshe Silberhaft amejulikana kama rabi msafiri kwa kuzihudumia jamii za miji ambayo vijana wake wameshahamia Johannesburg au ng'ambo, na katika miji mingine kazi iliyobaki ni kutunza makaburi. Upo na mpango unaomgeuza kila msafiri kuwa mwanafunzi nyumbani kwa watu: mwaka 1923, mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro alipendekeza kila Myahudi asome ukurasa mmoja wa Talmudi kwa siku, ukurasa ule ule duniani kote. Kurasa ni 2,711, miaka saba na ushee. Ukishuka melini katika mji usioujua, unaketi na kuendelea ulipoishia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kisa kinachoupindua mpango wote huu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekosana na Waingereza, alikuwa akiisoma Biblia ya Kiganda katika eneo la Mbale, akafikia uamuzi kwamba vitabu vya Musa vinamtaka afanye yaliyoandikwa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wafuasi wake, ambao jamii yao inaitwa Abayudaya. Hapakuwa na mwalimu yeyote. Gombo halikuwapo, Kiebrania hakikuwapo, wala mtu wa kuwaambia sikukuu zinaangukia lini. Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja wa kigeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa nao takriban miezi sita. Aliwafundisha sala, taratibu za vyakula na kalenda, kisha akaondoka. Kwa maoni yangu, zawadi yake kubwa ilikuwa kalenda. Sala unaweza kuzitunga, na Kakungulu alitunga za kwake. Lakini pasipo kalenda hujui wenzako duniani wako wapi.

Kakungulu alifariki 1928. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, na waliobaki walisali kwa siri. Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo, kwa kalenda ile ile aliyoifundisha Yosef, Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia.

Baada ya hapo walimu walikuja wengi kutoka Marekani na Israeli. Gershom Sizomu, mzaliwa wa jamii hiyo, akaenda Los Angeles kusoma, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008 na kurudi. Mwaka 2016 alichaguliwa pia kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Lakini wageni huja na mabishano ya kwao. Jamii ya kilima cha Nabugoye ilifuata madhehebu ya Kikonsavativu, ambako wanawake huhesabiwa katika akidi, na ile ya Putti ikachagua Uorthodoksi. Sehemu ya juma ni moja kwa wote wawili. Wanatofautiana kuhusu nani aitwe mbele kuisoma. Na ng'ambo ya mpaka, Kasuku karibu na Nyahururu, ipo jamii ndogo ya Wakenya wanaoishi kwa Torati hiyo hiyo, na vijana wao wamekwisha kuvuka kwenda kusoma kwa Abayudaya. Safari hii mwalimu amebaki kwake, wanafunzi ndio waliopanda basi.