Kabla ya kulipia Lenana, hesabu usiku utakaolala mlimani

Kila mwaka Jamhuri ikikaribia, dawati letu la usalama wa wapanda mlima hapa Nairobi hupokea maswali mengi kuliko miezi mingine, na safari hii yamekuja pamoja na malalamiko. Marafiki, vijana wa kanisa au wafanyakazi wa ofisi moja wanachanga pesa kwa M-Pesa, wanakodi matatu Alhamisi usiku, wanafika lango la Mlima Kenya Ijumaa asubuhi, na wanataka kusimama kwenye kilele cha Lenana Jumamosi alfajiri ili Jumatatu wawe kazini. Baadhi hurudishwa langoni na kuondoka kwa hasira. Wengine huingia, na kesho yake wanashushwa kwa machela. Nawaandikia wote.

Hamu yao naielewa. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya pale Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Mkenya anayetaka kuona jua likichomoza kutoka mahali pale hana haja ya kunipa sababu. Nataka afike, na nataka ashuke kwa miguu yake.

Kinachowaangusha wengi si miguu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mazoezi: nikimbie Karura mara ngapi kwa wiki, nipande Ngong mara ngapi? Mazoezi ni mazuri, yafanyeni. Lakini kilele cha juu kabisa cha Ngong hakifiki mita 2,500, na Longonot ni mita 2,776. Lango la Sirimon peke yake, mojawapo ya malango ya Mlima Kenya, liko karibu na kimo hicho, na hapo safari haijaanza. Ukifika mita 5,000, shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu. Mwili huzoea hali hiyo ukipewa muda tu. Mkimbiaji wa marathoni na mtu wa kukaa ofisini siku nzima wanahitaji muda wa kuzoea, na huwezi kujua mapema nani ataumwa kwa kuangalia misuli yake. Mara nyingi tunaowashusha ni vijana wenye nguvu, kwa sababu nguvu zao ziliwawezesha kufika juu kabla miili haijawa tayari.

Madaktari wa tiba ya milimani wana kanuni inayosaidia sana. Ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasipite pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze usiku mmoja palepale ulipo. Kinachohesabiwa ni unapolala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi kisha ukarudi chini kulala, na hilo husaidia.

Sasa chukua kalamu uziweke njia zetu kwenye kanuni hiyo. Njia ya Sirimon ina kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, na kambi ambayo wengi huifikia siku ya pili ni Shipton's, mita 4,200. Hapo umeruka mita 900 kwa usiku mmoja. Naro Moru ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo sababu vikundi vya wikendi huipenda. Unalala Met Station, mita 3,050, kisha Mackinder's, mita 4,200, ukiwa umevuka kinamasi kinachokula nguvu kabla hujafika. Huo ni mruko wa zaidi ya mita 1,100. Chogoria ni ndefu na usafiri wa kufika lango lake ni wa taabu, lakini ina pa kupiga hema katikati, kama Ziwa Ellis lililo karibu na mita 3,500, na Ziwa Michaelson karibu na mita 4,000. Mtu akiniuliza njia ipi, namjibu Chogoria. Akitaka Sirimon, namwambia alale Old Moses usiku mbili, au agawanye safari kwa kupiga hema Liki North kabla ya Shipton's. Ratiba ya usiku nne mlimani ndiyo naipendekeza. Ya usiku mbili ipo sokoni, inauzwa na watu wengi, na siipendekezi kwa yeyote anayetoka Nairobi moja kwa moja.

Ugonjwa wa kimo, unaompata anayepanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea, huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kukatika na uchovu usioisha. Ukiwa na dalili hizi usipande zaidi. Baki hapo hadi ziishe, na zikizidi shuka. Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni maji kuingia kwenye mapafu: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, na baadaye anaweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anajibu visivyo, anayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asipoweza, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, na hashuki peke yake.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya kijana mmoja niliyemkuta Shipton's miaka kadhaa iliyopita. Wenzake walikuwa wamemfunika mablanketi mawili na kumwacha alale, wakisema amechoka tu, kesho atakuwa sawa. Nilimwuliza jina la rafiki aliyeketi karibu naye, akashindwa kulitaja. Tulimshusha usiku kucha. Tulipokaribia Old Moses alianza kuuliza tuko wapi, na swali hilo lilinipa raha ambayo hadi leo siwezi kuisahau. Dawa iliyomponya ilikuwa kushuka.

Wengi huulizia asetazolamidi, ambayo madukani huijua kwa jina la Diamox. Inasaidia mwili kuzoea haraka kidogo, na kwa kawaida kinga huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa huwa zinakudhuru. Haimruhusu mtu aliyekwisha kuumwa aendelee kupanda. Watu wenye selimundu (sickle cell) wasipande milima mirefu bila ushauri wa daktari wao, na hata waliorithi jeni moja tu ya ugonjwa huo, kutoka kwa mzazi mmoja, ambao maisha yao yote hawajaugua, wanaweza kupata maumivu makali ya wengu huko juu. Kama kwenu ugonjwa huu upo, pima kabla ya kulipa. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni nyumbani.

Malalamiko mengi ya langoni yanahusu malipo. Lango halipokei pesa taslimu. Ada za Shirika la Wanyamapori (KWS) hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kiwango hutegemea wewe ni raia, mkazi au mgeni. Anayelipa kama raia aje na kitambulisho halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu ya mwenzako huleta mabishano yanayokula saa nzima ya asubuhi. Mkazi aje na hati ya ukaazi. Kiongozi wa kikundi akiwalipia wote, ahakikishe idadi ya watu na ya siku inalingana na ratiba, kwa kuwa mkikaa zaidi ya mlicholipia mtadaiwa mnapotoka. Mkiingilia Sirimon na kutokea Chogoria, semeni mnapoingia. Ada hubadilika, kwa hiyo isome siku unayolipa, usitegemee ujumbe uliosambazwa mwaka jana. Na kwa wanaodai kwamba Mkenya hapaswi kulipia mlima wake: hapana, kuwa Mkenya hakumwondolei mtu ada. Neno hilo nimelijibu mara nyingi mno: pesa hizo ndizo zinazolipa askari wanaokutafuta ukipotea.

Hairuhusiwi kupanda peke yako. Mwongozaji wenu awe na kitambulisho cha kazi hiyo, na muulize amepanda njia mliyoichagua mara ngapi. Binamu aliyewahi kufika Lenana mara moja si mwongozaji. Wapagazi nao ni watu: hakikisheni wana viatu, makoti na mahali pa kulala, na mizigo ipimwe.

Kuhusu plastiki, tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa. Katoni za maji mlizonunua Nanyuki zitabaki langoni. Beba chupa ya kudumu na njia ya kusafisha maji ya mtoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa wakati huo ilikuwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Moto nao ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Machi 2012 nyasi za juu ya mlima ziliteketea kwa eneo kubwa, na walioona moshi ule hawahitaji kusomewa kifungu. Pikeni kwa jiko la gesi. Droni inahitaji kibali, na kibali hakitolewi langoni.

Nguo mnaweza kuzipata Gikomba au Toi kwa bei nafuu: sweta nzito, koti lisilopitisha maji, glavu, kofia, soksi za sufu. Msipande na jinzi wala fulana za pamba, maana zikilowa hazikauki, na usiku baridi hushuka chini ya sifuri. Viatu vipya vivaeni Ngong kwanza. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba.

Kuhusu majira, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, pia Julai hadi Septemba. Jamhuri huangukia mwishoni mwa mvua za vuli, kwa hiyo mnaweza kupata anga safi au ukungu na theluji. Ukungu ukitanda helikopta haiji, na mnaobaki nao ni vijana wa machela. Hakikisha bima yako inataja uokoaji mlimani na kimo inachokifikia, kwa maana nyingine huishia kimo cha chini kuliko Lenana. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yenu na namba ya mwongozaji, na akiwa na wasiwasi apige 1199 ya Msalaba Mwekundu au 999.

Mkishuka, sainini kitabu cha lango mnapotoka. Kuna vikundi vinavyopita moja kwa moja hadi kwenye gari kwa uchovu, vikalale Nanyuki, na usiku huo askari wanapanda na tochi kuwatafuta watu ambao tayari wanakula nyama choma.