Nishani ya Sainte-Hélène haikutolewa na Napoleon

Mwezi huu nimeletewa tena nishani ya Sainte-Hélène ikiwa imefungwa kitambaani, pamoja na maelezo yaleyale: kwamba Napoleon alimvisha babu wa ukoo kwa mkono wake mwenyewe, kwa ushujaa alioonyesha vitani. Nimechoka kulikanusha jambo hili kwa upole. Napoleon I alifariki Mei 5, 1821, ilhali nishani hii ilianzishwa Agosti 12, 1857 na Napoleon III, mtoto wa mdogo wake na mtawala wa Ufaransa wakati huo, kwa ajili ya watu waliotumikia majeshi ya Ufaransa kati ya 1792 na 1815 na ambao walikuwa bado hai.

Nakiri kwamba shaba yenyewe inapotosha. Upande mmoja una kichwa cha Napoleon I, na upande wa pili una maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba wazo lake la mwisho lilikuwa kwa wenzake wa utukufu, yakifuatiwa na jina la kisiwa alikofia uhamishoni, Sainte-Hélène, na tarehe ya Mei 5, 1821. Msomaji mwenye haraka huidhania tarehe hiyo kuwa siku ya kutunukiwa, kumbe ni siku ya kifo, na anayesema ni Napoleon III aliyeazima sauti ya baba yake mkubwa.

Wanaoniletea wakishaelezwa, nyuso hubadilika na wenyewe husema: "Basi ni ya kumbukumbu tu." Hilo "tu" ndilo linaloniudhi kuliko kosa la kwanza. Ni kweli kwamba nishani hii haikupima tendo lolote. Mpiga ngoma aliyeingia jeshini 1814 alistahili ileile aliyostahili askari aliyenusurika katika uvamizi wa Urusi wa mwaka 1812. Lakini inatuonyesha jambo ambalo nishani ya ushujaa haionyeshi, yaani nani alikuwa amebaki. Hata kijana wa miaka 17 wa mwaka 1815 alikuwa anakaribia sitini ilipotolewa. Katika Anne S. K. Brown Military Collection, hazina ya kumbukumbu za kijeshi ya Brown University huko Marekani, zimo picha za wazee hao wakiwa na sare zao za zamani, nishani ikiwa kifuani, na mtu akizitazama hawezi tena kutamka hilo "tu".

Tatizo langu la kweli liko kwingine. Nishani ya Waterloo ya Uingereza, waliyopewa askari wake wa vita vya 1815 dhidi ya Napoleon, ilipigwa jina la askari ukingoni; hii haina jina lolote. Jina limo katika cheti cha Kansela Mkuu wa Légion d'honneur, taasisi ya nishani ya juu ya Ufaransa, na cheti ndicho kinachopotea kwanza, pamoja na kasha jeupe la karatasi ngumu na utepe wa kijani wenye mistari myekundu. Aliyeniletea hii alikuwa ametupa kasha kwa sababu lilichakaa, kisha akaisugua shaba kwa dawa ya kung'arishia hadi majani ya shada linalozunguka kichwa yakalainika.

Cheti alikuwa nacho. Hata hivyo, hakuna alama yoyote ya shaba inayothibitisha kwamba viwili hivyo vilikuwa vya mtu mmoja, na kutoka katika droo moja si ushahidi wa kutosha. Nimesita mara nyingi mbele ya hali kama hii, na sina hakika kwamba nimeamua sawasawa kila mara. Safari hii nimeandika katika daftari la mapokezi "vilipokelewa pamoja", nikaiacha wazi nafasi ya jina la mmiliki wa kwanza.