Mita 60 kuanzia wapi?

Juzi mteja kanipigia, kapata kiwanja bondeni kwa mto Msimbazi huku Kinyerezi, Dar, bei ya kutupa, dalali kamwambia "mto uko kule bosi, sheria inataka mita 60 na hapa zinazidi". Nikamwambia usitoe hata mia, nakuja na tepu.

Tukapima tukapata mita 71, dalali wa watu hajadanganya bwana. Ila pembeni kuna mama anakaanga mihogo, katuangaliaaa weee mwisho akacheka, akanionyesha kisiki cha mwembe ng'ambo ya mto, akasema "baba, ule mwembe ulikuwa uani kwangu".

Mimi mpima ardhi, na hicho kisiki kimesema yote ninayotaka kusema leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, sawa, sasa ukingo wenyewe hautulii! Maji ya Msimbazi yanashuka toka vilima vya Pugu na Kisarawe, huku mjini tumeshajaza mabati na lami kwahiyo mvua haizami ardhini, yote inakimbilia mtoni kwa mpigo, halafu kuna wanaochota mchanga wa kujengea, kuna taka zinaziba chini ya madaraja, basi mto unakula kingo unahamia kwa watu. Unapima 71 leo, masika mbili tatu mbele una 50, na nyumba ishapauliwa.

Ningekuwa na uamuzi ningeacha kupima umbali peke yake, ningepima kimo. Maji yalifika wapi kwenye yale mafuriko ya Desemba 2011? Chora mstari hapo, juu yake jenga, chini yake panda mboga au weka uwanja wa mpira. Nyumba ya mita 40 iliyo kwenye mwinuko inaweza kuwa salama kuliko ya mita 150 iliyo kwenye tambarare la Jangwani.

La pili ni karatasi. Watu wengi wanaamini mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ndo ruhusa ya kujenga, wakati kibali kinatoka halmashauri, na ukifuata kibali wakati nondo zipo saiti ushachelewa. Ndo maana tunakuja kuonana kwenye X nyekundu ukutani, ile ya kubomolewa. Baada ya mafuriko hayo ya 2011 watu wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, wapo waliorudi bondeni, na siwalaumu sana maana kibarua chako kikiwa Kariakoo nauli ya kutoka kule kila siku nani atakulipia? Huu mradi wa serikali wa Bonde la Msimbazi angalau umelipa fidia watu watoke.

Na nyie wa Goba na Salasala msijione mko juu. Mnakata mlima wima kama keki, hakuna ukuta wa kuzuia udongo, hakuna mtaro. Tope lililoua watu Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023 lilitoka mlimani, si mtoni.

Mteja wangu kaninunia, anasema namharibia dili. Nimemwambia arudi pale Aprili, mvua ikikatika tu, aangalie mstari wa tope kwenye kuta za majirani, na mihogo anunue kwa yule mama.