Si lazima draivu ya DVD ya Mac iwe ya Apple

Wengi wanaamini kuwa Mac huchoma DVD kwa draivu ya Apple tu, ile SuperDrive. Sivyo. Draivu nyingi za nje za USB, ziwe za LG, Asus au kampuni nyingine, ukizichomeka macOS huzitambua bila kusakinisha chochote. Neno "Windows" kwenye boksi mara nyingi linahusu programu iliyo kwenye CD inayokuja nayo; iache humo humo. Kwa kuchoma mafaili, Finder, programu ya mafaili iliyomo tayari kwenye Mac, inatosha.

Ajabu ni kwamba SuperDrive ndiyo yenye masharti. Ilitengenezewa Mac zisizo na draivu ya ndani, hugoma kwenye habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na umeme wa kutosha, na plagi yake ni USB-A, ile pana ya kawaida, kwa hiyo MacBook yenye matundu ya USB-C peke yake itadai adapta.

Dukani uliza kuhusu plagi kwanza, chapa baadaye. Na kama unataka diski icheze kwenye deki ya sebuleni, kumwagia humo faili la MP4 kwa Finder mara nyingi hakutasaidia: tafuta programu inayotengeneza DVD ya video, mfano Burn, ambayo ni ya bure.